Maswali ya wasomaji: chumvi isikaukie kwa kamera

Wiki hizi nimeletewa maswali mengi ya watu wanaopanga kushuka Pwani Desemba, na karibu yote yanarudi kwa jambo moja, nitaoshea wapi kamera nikitoka baharini. Naelewa hamu yenu, kaskazi ikishaingia bahari hutulia na maji huwa angavu, hapo ndipo kila mwenye hausingi, lile ganda gumu la kufungia kamera isiingie maji, anataka kuzama. Nimechukua maswali matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu manake ukilielewa hilo mengine yanakuwa rahisi.

SWALI: Habari fundi. Mimi ni kijana wa Umoja, nimeweka pesa miaka miwili nikanunua hausingi ya alumini ya mitumba na strobu mbili, zile taa za mwako za kupigia picha chini ya maji, na sasa tunaenda Watamu marafiki wanne, siku sita. Tunashuka na SGR alafu tunachukua matatu. Nyumba tumekodi ina bafu tu, haina kitu kubwa ya kulowekea. Nimeona watalii wanabeba zile tangi za kukunja za kusuuza kamera lakini kuagiza na kulipa ushuru ni pesa mingi. Mamangu ananiambia nibebe karai ya nguo niache kujisumbua. Nahitaji tangi kweli ama karai inatosha, na iwe ya lita ngapi?

JIBU: Mama yako ameongea ukweli kijana wangu, shida ya karai ni kuibeba tu, haikunjiki, na ndani ya matatu ya kwenda Malindi itakaa kwa magoti ya mtu masaa mawili. Lakini kazi inayofanywa na tangi ya bei na kazi inayofanywa na karai ni moja, kuweka kamera ndani ya maji matamu kabla chumvi haijakauka. Hiyo "kabla" ndiyo naomba uishike kuliko kitu kingine chochote nitakachoandika hapa.

Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Ikiwa bado maji haina shida sana, unaitoa kwa kuloweka. Ikikauka inageuka punje ngumu, na hizo punje hazikai juu ya kioo pekee mahali unaziona, zinakaa ndani ya ule mwanya mwembamba katikati ya batani na mwili wa hausingi, pale kuna springi ndogo na oringi, ile pete ya raba inayozuia maji, ndogo kuliko pete ya mtoto. Ukibonyeza batani, punje inakwaruza oringi. Ukibonyeza mara mia inaikata. Nimeshaletewa hausingi hapa mezani, batani ya kupigia picha imeshuka na haipandi, mwenyewe anasema aliiosha vizuri sana, na ukimuuliza zaidi unagundua aliimwagia maji ya bomba dakika moja jioni baada ya kuibeba kwa jua tangu saa sita. Nilipofungua springi ilikuwa na kutu na oringi imechanika. Aliiosha kweli, ila alichelewa, na dakika moja haitoshi maji kupenya kwa ule mwanya na kutoka na chumvi.

Kuna jambo lingine la Pwani ambalo sisi wa Nairobi hatulijui. Chumvi ya kula huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, na usiku wa Pwani kwa kawaida unapita hapo. Kwa hivyo ile chumvi uliyoacha kwa skrubu haikai kavu, inalowana usiku, inakauka mchana, na kila ikilowana inakula chuma. Ukirudi Umoja hewa ni kavu, unaona unga mweupe unafikiri ni vumbi.

Sasa begi. Usiagize kitu. Tafuta begi laini la pikniki, lile la kuwekea soda baridi, lenye bitana ya plastiki iliyounganishwa kwa moto siyo kushonwa kwa uzi. Gikomba na Toi huwa yanapatikana ya mitumba, ingiza mkono ndani upapase kona, ukiona matundu ya sindano achana nalo manake litavuja. Nalipenda kuliko ndoo ya kukunja kwa sababu mbili, kuta zake zina sponji kwa hivyo kioo cha mbele hakigongani na kitu kigumu, na maji yake hayachemki kwa jua upesi. Lingine zuri ni drai begi pana, ile ya kufunga kwa kukunja mdomo, inakunjika ndogo kama shati, lakini haisimami yenyewe, lazima uiweke ndani ya kreti ama uiegemeze kwa kona. Kuna mtu ataniuliza kuhusu karatasi kubwa za nailoni za kutandika ndani ya ndoo: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, usianze safari na kitu kama hicho kwa begi.

Kuhusu lita. Hausingi yako na strobu mbili, ukikunja mikono ya strobu ziguse hausingi, unahitaji chombo cha lita 20 hadi 25 hivi. Lakini hutajaza 20. Hausingi ikizama inasukuma maji, kama ina ukubwa wa lita tano basi lita 12 ama 13 zitapanda hadi ziifunike yote, na hicho ndicho kipimo, kila kitu kifunikwe. Hata nyumbani jaribu kwanza: weka hausingi bila kamera ndani, mimina maji kwa chupa ya lita moja ukihesabu, ufike pale imefunikwa, uandike hiyo namba. Alafu kumbuka lita moja ni kilo moja. Begi lenye lita 15 na hausingi ndani ni mzigo wa kuvunja mkanda, kwa hivyo lijazie pale litakapokaa, usilijaze bombani ukalibeba hadi kwa veranda ukilishika mshipi mmoja.

Na kama maji ni ya kununua kwa mtungi, usiyamwage yote mara moja. Hapa kuna hesabu naipenda sana. Tuseme hausingi imetoka baharini na nusu glasi ndogo ya maji ya chumvi imejificha kwa mianya, mililita 50, hiyo ni karibu gramu 1.75 za chumvi. Ukiiloweka kwa lita 10 mara moja, yale mililita 50 yatakayobaki kwa mianya yatakuwa na chumvi gramu 0.175 kwa lita. Lakini ukigawa zile lita 10 mara mbili, ukaloweka kwa lita tano, ukamwaga, ukaloweka tena kwa lita tano safi, yanayobaki yanakuwa na gramu 0.0035 kwa lita. Maji ni yale yale na chumvi imepungua mara 50. Kwa hivyo begi likiwa dogo kidogo siyo mkosi, mradi hausingi izame yote.

Ikiwa ndani ya maji usiiache tu ukaenda kula samaki. Nusu saa inatosha, na mara tatu nne katika hiyo nusu saa ingiza mkono ubonyeze kila batani, zungusha kila gurudumu, vuta kila kishikio, manake ni ule mwendo unaosukuma maji ya chumvi nje na kuvuta matamu ndani. Ukiona mapovu madogo yakitoka mahali pamoja mfululizo baada ya dakika ya kwanza, toa upesi. Watu hushangaa nikiwaambia kuna kamera haziingii maji kule chini mita 20, zinaingia maji kwa beseni ya kusuuzia. Sababu ni hii, kila mita 10 bahari inaongeza shinikizo kama la hewa yote iliyo juu yetu, na hilo shinikizo ndilo linakandamiza oringi ikae. Kwa beseni hakuna wa kuikandamiza, na kama kuna unywele ama punje ya mchanga chini yake maji yanapita polepole. Kama hausingi yako ina pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa ya ndani ili mlango ubanwe, acha vakyumu ikiwa imewashwa hadi umalize kuloweka na kukausha, ukiitoa mapema umeondoa mlinzi kabla ya mwizi kuondoka.

Na usitumie mpira wa maji wenye nguvu ama ile mashine ya kuoshea magari. Mkondo unaokuja na kasi kutoka upande unaweza kuinua oringi mahali bahari haingeweza.

Jambo la mwisho kwako. Kutoka boti hadi ile nyumba mmekodi kuna muda, na ndani ya huo muda ndipo chumvi hukauka. Beba leso. Iloweshe maji matamu, funga hausingi yote, uiweke ndani ya begi tupu na ufunge zipu. Itafika ikiwa bado imelowa hata kama dereva wa tuktuk amepitia kwa rafiki yake.

SWALI: Fundi, mimi huenda kwa shemeji yangu Kilifi na maji yao ni ya kisima, ukinywa unasikia chumvi. Na hata hapa kwangu Kitengela maji yanaacha alama nyeupe kwa birika. Hata nikiwa na tangi nzuri, si nitakuwa naosha chumvi kwa chumvi? Mama Wawili, Kitengela.

JIBU: Dada yangu umeuliza swali ambalo wengi hawafikirii. Jibu ni kwamba bado inasaidia sana, manake maji ya kisima hata yakiwa na ladha yana chumvi kidogo ukilinganisha na bahari, ungekuwa huwezi kuyanywa kabisa yangekuwa kama ya bahari. Kwa hivyo mwendo wa kwanza fanya na kisima, nusu saa, bonyeza batani zote. Alafu mwendo wa pili, hata lita mbili tatu tu, tumia maji ya kunywa ama ya mvua, na hapo begi nyembamba linashinda pana kwa sababu maji kidogo yanapanda juu. Kama huna hata hayo, yale ya kunywa yamimine polepole kwa batani na kwa kioo cha mbele peke yake.

Kupima siyo kazi ya maabara. Paka sabuni ya kipande mkononi, ikikataa kutoa povu maji ni magumu, na usiyaache yakauke yenyewe kwa kioo. Zile alama nyeupe za birika ni chokaa na zikishika kwa kioo cha mbele utaziona kwa kila picha utakayopiga dhidi ya jua. Futa na kitambaa laini kikiwa bado kina unyevu. Kama kioo chako cha mbele ni cha plastiki ngumu, usithubutu kukifuta na spiriti ama sanitaiza, alkoholi inakitia nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui na hakuna fundi anaweza kuzirudisha.

Ukifika nyumbani baada ya safari loweka tena usiku mzima hausingi ikiwa imefungwa na haina kamera ndani. Wenzetu wa mjini wenye maji ya mgao wajaze mtungi siku ya maji, wasingoje.

SWALI: Tulienda Shimoni tukapelekwa Kisite na boti. Walikuwa na pipa moja la maji nyuma, kila mtu akatoka baharini akatupa humo maski, mapezi, viatu, na watu wawili wakaweka kamera. Mimi nikaogopa nikabaki na yangu mkononi, ikakaukia kwa jua hadi jioni. Nilikosea? Ningefanya nini? Msichana wa South B.

JIBU: Kuogopa hukukosea. Lile pipa linaitwa la maji matamu asubuhi, ikifika mtu wa sita kuingiza suti yake ya mpira ni supu, kuna mchanga, kuna mafuta ya kujikinga na jua ambayo yanaharibu plastiki na raba, na boti ikipiga wimbi mapezi yanagonga kioo chako. Nimeona kioo cha mbele kilichochorwa mstari kwa njia hiyo na mwenye mapezi hata hakujua. Ila kuiacha ikauke nalo ni kosa, na zaidi ya chumvi kuna joto. Hausingi nyeusi kwa jua la saa saba inapata moto, hewa ya ndani inapata moto, alafu ukiruka tena majini kioo kinapoa ghafla na ndani kunashika ukungu, picha zote za mzamo wa pili zinakuwa kama umepiga kupitia mvuke wa chai.

Kwa hivyo siku nyingine beba chombo chako. Kwa boti sitaki ubebe lita 20, beba begi dogo la pikniki, mtungi wa lita tano, na leso. Ukitoka majini, kamera ndani ya begi, mimina zile lita tano, ongeza leso juu ili hata sehemu isiyofunikwa ibaki imelowa, funga, weka chini ya kivuli, lifunge kwa kamba kwa ubao lisiteleze. Mwambie nahodha mapema umebeba kitu hiki, wengi ni watu wazuri na watakutafutia nafasi. Na usimuombe akujazie maji Wasini kama jambo la kawaida tu, kile kisiwa maji matamu yake ni ya kukinga mvua ama ya kuletwa, mtu ananywa hayo. Yako toka nayo bara.

Na iwe mtungi, siyo chupa sita za maji za dukani. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa mbuga, fukwe na misitu iliyohifadhiwa, na Kisite ni mbuga ya baharini chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Mtungi unarudi nao nyumbani, unaujaza tena.

SWALI: Ni sawa kupaka oringi vaselini? Niliambiwa inafukuza maji. Na niitoe kila siku nikisuuza? Msomaji, Rongai.

JIBU: Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Oringi siyo zote raba moja. Zile za silikoni, nyingi huwa laini na za rangi, zinafura zikipakwa mafuta ya petroli na vaselini ni ya petroli. Ikifura haikai kwa mfereji wake, ukifunga mlango inabanwa pembeni na maji yanapita. Na hata grisi ya silikoni yenyewe haipatani na kila oringi ya silikoni, ndiyo maana watengenezaji wengine wanakuja na grisi yao wenyewe. Tumia ile iliyokuja na hausingi. Na kidogo, oringi ing'ae tu, isiwe na matone, manake grisi haizuii maji, inasaidia oringi iteleze na kukaa. Inayozuia ni oringi. Grisi ikizidi inashika mchanga.

Kuitoa kila siku si lazima. Loweka kwanza ikiwa imefungwa, kausha nje kabisa pamoja na nywele zako na mikono yako (kuna maji yanayoingia kwa kamera yakidondoka kutoka kichwa cha mwenyewe akifungua mlango), alafu fungua mlango ukiwa unatazama chini ili tone likiwepo lidondoke nje. Angalia oringi kwa taa ya simu. Ina mchanga ama unywele, itoe kwa kidole ama kadi ya plastiki, siyo kwa kisu. Iko safi, iache.

Strobu msisahau jamani. Watu wanalowesha hausingi kwa upendo wote na strobu wanaifuta na taulo. Kifuniko cha betri kina oringi yake na nyuzi zake za kufungia, na chumvi ikikaukia kwenye nyuzi utahitaji koleo kukifungua. Iloweke pamoja, ikiwa imefungwa, kausha, ndipo utoe betri.

SWALI: Mimi siendi baharini. Napiga video watoto wakifundishwa kuogelea hapa Kasarani, na kamera ndogo ya GoPro na wakati mwingine simu yangu ya IP68. Hiyo ya tangi inanihusu? Kocha.

JIBU: Inakuhusu kwa udogo wake, kocha. Maji ya bwawa yana klorini na klorini inakausha raba polepole, kwa hivyo GoPro ikitoka iingie kwa mkebe wa lita mbili wa maji ya bomba dakika kumi, hiyo ndiyo tangi yako, ule mkebe wa plastiki wa kubebea chakula wenye kifuniko unatosha na unaingia kwa begi la kazi. Milango midogo ya betri iwe imefungwa ukisuuza.

Simu ni jambo lingine. Ile IP68, alama ya kuonyesha simu inastahimili maji, hupimwa kwa maji matamu, simu mpya, imetulia. Haikupimwa kwa klorini wala chumvi, wala kwa simu ambayo imeanguka mara mbili na imefunguliwa kubadilishwa skrini, na ikishafunguliwa usiihesabu tena kama ya kuingia majini. Ikilowa klorini imwagie maji safi taratibu, usiizamishe, pangusa, isimamishe tundu la chaji likiangalia chini. Usiichaji hadi tundu likauke kabisa, ukiunganisha umeme pale kukiwa na unyevu pini zinaliwa na ndio mwisho wa lile tundu. Kama una haraka ya kuchaji jioni hiyo na una ile sahani ya kuchaji bila waya, tumia hiyo, simu ikishakauka nje.